Mvua ya Paa la Buluu

Tangi halikuwepo.

Rotia alisimama pembeni ya nyumba yake, mtoto kiunoni na furushi la majani ya mkadi mkononi, akatazama mahali ambapo asubuhi aliliacha. Palibaki duara la zege, jeupe katikati, lenye ukoga wa kijani ukingoni. Juu yake bomba lililoshuka kutoka gata za ukingoni mwa paa lilining'inia hewani bila kushika kitu. Mchanga wa uani wote ulikuwa umelowa. Kuku wa jirani walikuwa wakichakura kwenye tope, na Rotia akashangaa kwanza tope lenyewe, maana mvua ilikuwa haijaonekana kisiwani Betio tangu mtoto huyu azaliwe, na sasa mtoto alishakuwa anatambaa.

Akafikiri ni wezi. Kisha akafikiri, wezi gani hao wa kubeba tangi la maji mchana, mbele ya macho ya uchochoro mzima?

"Tiaon!"

Mumewe alikuwa amekaa kwenye ulingo wa uani, chini ya kivuli cha makuti, bado amevaa buti zake za bandarini. Hakuinua kichwa.

"Tangi liko wapi?"

"Kaa kwanza, mama Maere."

"Nimekuuliza tangi liko wapi."

"Mpe mtoto maji. Nimekuwekea ndoo mbili, ziko ndani, nimezifunika."

"Tiaon, usinizungushe!"

"Kaka Burentau alikuja," alisema, akiongea na buti zake. "Akaomba."

Rotia akakaa palepale chini, kwenye tope, na mtoto wake.

Hakuhitaji kuuliza zaidi. Kwao ombi la ndugu lina jina lake, bubuti, na likishatamkwa kwa heshima mbele ya mtu wa tatu lina jibu moja tu. Atakayekataa ataishi, atakula, atazeeka, lakini watu hawatamhesabu tena kuwa mtu. Ndugu akiomba shati lako, unalivua. Akiomba pikipiki, unampa na ufunguo. Ndiyo maana watu wa Betio ni hodari wa kuficha kuliko kununua. Shati jipya hufuliwa na kusuguliwa mpaka lipauke ndipo livaliwe. Redio nzuri hulia ndani ya kabati. Na tangi la Rotia, tangu siku lilipofika, lilivikwa mikeka mikuukuu kuanzia kifuniko hadi koki, likaonekana kama kibanda cha nguruwe. Mgeni akiuliza, Rotia alijibu: "Hilo? Linavuja hilo."

Sasa nani aliyelivua mikeka?

"Wewe," alisema Rotia. "Jumapili baada ya ibada. Ulisema nini mbele ya watu?"

"Nilitania tu."

"Ulisema nini?"

"Nilisema... kwangu mimi kiangazi nakisikia kwa jirani."

"Na leo ukaenda kulivua nguo ulioshe, ling'ae."

"Lilikuwa na buibui, Rotia."

"Buibui!" Akaanza kucheka, kicheko kibaya, machozi yakimtoka. "Na maji? Tangi lilikuwa limefika nusu. Maji yalikwenda wapi?"

"Halibebeki na maji. Walifungua koki. Majirani wakaja na sufuria, na ndoo, kila mtu akachota alichoweza. Bibi Aom alikuja hata na kofia ya mvua. Mengine..."

Hakumaliza. Mengine Rotia alikuwa amekalia.

*

Burentau alikuwa mtoto wa baba mkubwa wa Tiaon, mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kupenda kusikika. Mwanawe alikuwa baharia kwenye meli za mizigo, na kwa jasho la huyo kijana Burentau alikuwa amejenga nyumba ya matofali yenye paa la bati la buluu, paa kubwa kuliko yote uchochoroni. Mchungaji alikuwa aje kuibariki. Nyumba kama ile, paa kama lile, halafu mbele yake hakuna tangi? Watu wangesema mzee amejenga kofia bila kichwa. Kwa hiyo akatafuta tangi, na hakuona sababu ya kulitafuta mbali.

Siku za kwanza Rotia alijikaza. Zile ndoo mbili zilikwisha, akashuka kisimani kama wenzake. Kisima kilikuwa kati ya choo cha jirani mmoja na banda la nguruwe la mwingine. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo mdomoni na kitu kingine puani ambacho watu walikubaliana kutokitaja. Bomba la serikali lilikuwa likikohoa hewa tu. Rotia alichemsha kila tone la mtoto. Alichemsha kwa makumbi ya nazi, makumbi yalipokwisha akachemsha kwa vipande vya mbao alivyookota Tiaon bandarini, na mbao zilipokwisha akavunja ubao mmoja wa ulingo.

"Vunja tu," alimwambia mumewe aliyekuwa akimtazama. "Kaka yako akiuomba, atakuta umepungua."

Kisha ikaja siku moja ya joto. Rotia alikuwa amekwenda kuuza mikeka, Tiaon amebaki na mtoto. Mtoto alilia. Chupa ilikuwa tupu. Jikoni palikuwa na sufuria ya maji, imefunikwa, na Tiaon aliamini ni yale yaliyochemshwa.

Hayakuwa yamechemshwa.

*

Hospitalini mtoto alilazwa ubavu, macho yameingia ndani, utosi umebonyea. Nesi aliifinya ngozi ya tumbo akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama, kama kitambaa. Rotia alikiona kile kidole cha ngozi kikikataa kushuka. Hakulia. Alikuwa ameshangaa mno hata asiweze kulia. Jana mtoto huyu alikuwa akimvuta nywele.

"Mmempa nini?" nesi aliuliza, huku akitafuta mshipa wa dripu kwenye mkono mdogo kama kijiti.

"Maji."

"Ya wapi?"

"Ya kisima."

"Mama, kila siku tunasema hapa. Kisima hapana! Mtoto mchanga ni maji ya mvua. Nyumba yenu ni ya makuti?"

"Ya bati."

"Bati mnalo! Gata?"

"Zipo."

"Sasa mnakosa nini, tangi?"

"Tangi tulikuwa nalo."

"Likapasuka."

Rotia akatazama ukutani. "Liliombwa."

Nesi aliubandika ule mrija kwa plasta, akaupapasa taratibu. Kisha akatia mkono mfukoni mwa sare yake akatoa saa nzuri ya mkono, akahesabu nayo matone, akairudisha mfukoni.

"Saa hii naivaa kazini tu," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumbani nasema sina." Akamtazama Rotia. "Huyu atapona, nadhani. Lakini nisikilize. Nikimruhusu akarudi kwenye kile kisima, mtamleta tena hapa, na safari hiyo sitakuwa na mshipa wa kutafuta. Umenielewa? Tafuta maji kabla sijamtoa."

"Nimeelewa."

"Utayatoa wapi?"

"Sijui," alisema Rotia.

*

Mvua ikaja siku ambayo Rotia alirudi nyumbani kuchukua nguo za kubadilisha. Ilianza kwa upepo wa ghafla uliogeuza majani ya mishelisheli tumbo juu, kisha tone moja juu ya bati, tone lingine, halafu mbingu ikafunguka kwa kishindo. Uchochoro mzima ulitoka nje ukipiga kelele. Watoto walivua nguo. Wazee walisimama midomo wazi.

Rotia hakucheza. Alikimbilia chini ya bomba lake la gata. Maji ya kwanza aliyaacha yapite, maana yalikuwa yakiosha mavi ya ndege na vumbi la miezi yote ile. Yalipotakata akaweka ndoo. Ikajaa hata hajageuka. Akaweka beseni, sufuria, sufuria ndogo, dishi la kufulia, kofia ngumu ya Tiaon ya bandarini, vikombe, chupa ya mtoto. Vyote vikajaa. Alivipanga ndani, akatoka tena, na maji bado yalikuwa yanashuka, mazito, masafi, yakipiga lile duara la zege na kutawanyika mchangani. Akakinga mikono. Mikono ikajaa. Akasimama hivyo, mikono imejaa, huku maji ya kumlea mtoto mwaka mzima yakimpita miguuni na kuzama ardhini, kwenda kisimani, kujichanganya na nguruwe.

"Loo!" alisema Bibi Aom, jirani yake, ambaye paa lake lilikuwa la mkadi na kwake mvua ilikuwa kitu cha kukimbia. Alikuwa amejifunika mkeka kichwani. "Mwanangu, funga macho. Ukiendelea kuyatazama utapata wazimu."

"Bibi, angalau lile tangi limejaa huko liliko."

"Nenda kaone kama limejaa."

"Una maana gani?"

"Wee nenda tu. Nikikwambia utasema nimezeeka."

Rotia akaenda, mbio, akivuka vidimbwi. Nyumba ya Burentau iling'aa. Mvua ililipiga lile paa la buluu kama ngoma mia, na maji yakashuka kutoka ukingoni mwake pande zote, pazia moja refu, yakichimba mtaro mchangani. Tangi lilisimama mbele ya baraza, palipoonekana vizuri zaidi, limevishwa shada la maua. Kifuniko chake kilikuwa kimefungwa. Hakuna gata. Hakuna bomba. Hakuna hata kopo lililounganisha paa lile na tangi lile.

Rotia akalisogelea. Akaligonga kwa kifundo cha kidole.

Likalia: bom.

Akaligonga chini kabisa, karibu na koki. Bom.

"Mvua kubwa leo, shemeji!" Burentau alikuwa kibarazani, ameketi kwenye kiti, kikombe cha chai mkononi, uso umejaa furaha. "Ingia ndani, utalowa."

"Shemeji," alisema Rotia, na sauti yake ilimtoka kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Tangi ni kavu."

"Ndiyo, naliona. Bado gata. Pesa ya kijana yote imekwenda kwenye rangi ya paa. Hii rangi unaijua? Haipauki hii."

"Maji yote yanamwagika."

"Ya Mungu hayo, ataleta mengine." Akanywa chai. "Lakini umenikumbusha. Zile gata za kwenu sasa hazina kazi, au vipi? Nitamwomba mdogo wangu. Lakini sitamwomba hapa njiani kama mhuni. Siku ya kubariki nyumba, kwenye ukumbi wa maneaba, mbele ya wazee. Kwa heshima."

Rotia alifungua mdomo. Mvua ikamwingia, akaufunga.

*

"Atakuja kuomba gata," alimwambia mumewe hospitalini, wakiwa wameketi kila mtu upande wake wa kitanda cha mtoto.

Tiaon alikuwa amekonda. Tangu siku ile ya sufuria alikuwa hali vizuri. "Nitampa," alisema.

"Utampa."

"Sasa unataka niseme nini? Mbele ya wazee wote? Baba yake alinilea, Rotia. Nikisema hapana, Maere akikua ataolewa na nani? Atazikwa na nani?"

"Akifa wiki hii atazikwa na watu wengi sana. Utafurahi."

Tiaon akafunika uso kwa mikono yake mikubwa ya kubebea magunia, mabega yakamtikisika. Rotia alimwacha kidogo, kisha akanyoosha mkono juu ya mtoto akamgusa kiwiko. Hakuwa na hasira naye tena. Hasira ilikuwa imekwenda kukaa mahali pengine, juu ya paa la buluu.

Bibi Aom, aliyekuwa amekuja na samaki wa kuchoma ndani ya jani, alikuwa akisikiliza. "Wewe si ndugu yake pia kwa ndoa?" alimwuliza Rotia. "Ulimi unao. Mwombe na wewe."

"Nimwombe nini? Tangi?"

"Mungu wangu—" Bibi Aom alishika mdomo, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Tangi hapana. Kitu ulichokwisha kumpa mtu ukakirudia kukiomba, ni bora utembee uchi maneaba. Na yeye pia, chochote atakachokupa, hawezi kukurudia kukiomba. Hiyo ndiyo sheria, inakata huku na huku."

"Basi niombe maji? Kila siku niende na ndoo, shemeji naomba, shemeji naomba, mpaka watu waniite kupe?"

"Akiwa na maji yenyewe ya kuombwa! Tangi kavu, gata hana. Ana nini yule? Ana paa na mdomo."

Rotia akatazama dripu. Tone lilijikusanya, likaning'inia, likaanguka. Lingine likajikusanya. Alilitazama muda mrefu, midomo ikimcheza kama mtu anayekariri ahadi.

"Ana paa," alisema.

*

Maneaba ilijaa siku hiyo. Chini ya paa lake refu la mkadi watu walikaa kwenye mikeka, kila ukoo mahali pake, magimbi na samaki na wali mbele yao kwenye masinia yaliyofunikwa. Mchungaji alikuwa ameshaibariki nyumba. Mzee Itaaka, mkubwa wa wazee, alikuwa ameshasifu paa, na Burentau alikuwa ameshajifanya haya. Alikuwa anajiweka sawa kusimama, kitambaa kipya kiunoni, wakati Rotia alipojivuta mbele kwa magoti kutoka kwenye safu ya wanawake.

"Wazee wangu, nisameheni. Nina ombi kwa shemeji yangu."

Tiaon akamtazama mkewe kama mtu anayeona moto unakimbilia makuti. Burentau akacheka kwa ukarimu.

"Sema, shemeji! Leo ni siku ya furaha."

"Ni bubuti, shemeji."

Kicheko kikapungua. Watu wakasogea. Burentau aliweka mkono juu ya kitambaa chake kipya bila kujua. "Sema."

"Sikuombi nyumba," alisema Rotia. "Sikuombi bati, wala tofali, wala kiti. Tangi ni lako, tulikupa kwa moyo, sitalitaja. Nakuomba mvua."

"Nini?"

"Mvua. Ile inayoanguka juu ya paa lako la buluu. Nakuomba hiyo, shemeji. Uwe na moyo mweupe unipe, mbele ya wazee hawa."

Mtu mmoja nyuma alipasuka kwa kicheko, na maneaba nzima ikafuata. Wanawake walipigana makofi mgongoni. "Masikini," alisema mmoja, "mtoto kulazwa kumemwathiri." Mtu akapaza sauti: "Mpe na radi, Burentau!" Rotia alibaki amepiga magoti, uso chini, masikio yakimwaka. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alifikiria ile ngozi iliyokataa kushuka, akabaki pale pale.

Burentau alipangusa machozi ya kucheka. "Shemeji, mvua si ya mtu! Lakini umeomba kwa adabu. Nimekupa. Yote! Ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Hata upepo chukua."

"Mvua inatosha," alisema Rotia. "Mzee Itaaka, umesikia?"

"Nimesikia," alisema mzee, na yeye peke yake hakuwa anacheka. "Mvua ya paa lake amekupa. Wote tumesikia."

"Asante, shemeji." Akarudi nyuma kwa magoti.

Burentau sasa akasimama, amechangamka kupita kiasi, akaomba gata. Aliomba kwa maneno mazuri, akataja baba yake na sinia moja la ukoo walilolia pamoja. Tiaon alimgeukia mkewe kwa macho ya mtu anayezama.

"Mpe," Rotia alinong'ona.

"Nini?"

"Mpe gata. Mpe na bomba. Na misumari. Na umwambie utamfungia mwenyewe."

*

Tiaon alizifunga mwenyewe, na alizifunga vizuri, maana mikono yake haikujua kazi mbaya. Paa la Rotia likabaki tupu. Gata zake, ndogo kwa paa lile, zilitosha upande mmoja tu wa nyumba ya Burentau, ule wa barazani, lakini upande mmoja wa lile paa ulikuwa mpana kuliko nyumba yote ya Rotia. Mvua ilinyesha usiku, ikanyesha mchana. Tangi lilinguruma, kisha likanyamaza, kisha likaanza kumwagika kutoka kwenye kifuniko. Burentau aliita watu waje waone.

Asubuhi iliyofuata nesi alimtoa Maere. Rotia hakwenda nyumbani. Alipita moja kwa moja kwa shemeji yake, mtoto kiunoni na ndoo mkononi, Tiaon nyuma yake na ndoo nyingine. Akapiga magoti mbele ya tangi, akafungua koki.

"Karibu, karibu," alisema Burentau kutoka kibarazani. "Lakini shemeji, ungebisha hodi kwanza. Maji nitakupa, mimi si mchoyo. Uombe tu."

"Niombe kwa nani?"

"Kwangu."

"Hii ni mvua, shemeji."

"Ni maji ya tangi langu!"

"Ilianguka wapi?"

Burentau aliinua macho polepole kwenye paa, akayafuatisha kwenye gata, akayashusha na bomba mpaka kwenye tangi. Kikombe kikamlalia mkononi, chai ikamwagikia kitambaa kipya, hakuhisi.

"Shemeji," alisema. "Ule ulikuwa mchezo."

"Mzee Itaaka alisikia mchezo?"

"Mvua si kitu! Mvua haishikiki!"

"Ukiwa na gata na tangi inashikika. Asante kwa kunishikia."

Tiaon alitoa sauti ya ajabu, nusu kikohozi. Dirishani akatokea mke wa Burentau, Teema, mwanamke mpole aliyekuwa hajasema neno hadharani tangu kuolewa. Alimtazama mumewe, akamtazama Rotia, akatazama birika tupu aliyoshika. Kisha akatoka nje, akaja mpaka kwenye tangi, akapinda magoti kidogo.

"Mama Maere," alisema. "Nakuomba birika moja."

"Teema!" Burentau alifoka.

"Unataka chai au hutaki?" alisema mkewe bila kugeuka.

Rotia akaijaza birika mpaka mdomoni. Alipoinua kichwa, Bibi Aom alikuwa ameshafika, na debe lake, na kofia yake ya mvua, anahema. Nyuma yake mama wa mapacha. Nyuma yake yule aliyesema mtoto kulazwa kumemwathiri, macho chini, ndoo mbili.

"Mwanangu Rotia," Bibi Aom alisema kwa sauti ya maneaba, ili wa tatu na wa kumi wasikie. "Nyumba yangu ni ya mkadi. Mvua naisikia, siinywi. Nakuomba."

Hapo Rotia naye alishtuka. Alikuwa amepanga kila kitu mpaka kwenye koki, hakupanga zaidi. Alitazama ile foleni ikirefuka kuelekea kisimani, mtoto nyuma ya mtoto, akaelewa kwamba sheria aliyoishika kama kisu ilikuwa na makali upande wake pia. Maji ya Maere yalikuwa mle. Angeweza kusema linavuja. Angeweza kusema lolote. Maere alinyoosha mkono akauchezea mtiririko wa koki, akacheka kwa kuona unamkimbia.

"Chota, bibi," alisema Rotia. "Ya kunywa na ya watoto. Ya kufulia kisima kipo."

"Watalimaliza!" Burentau alikuwa ameshuka ngazi. "Watalimaliza tangi langu!"

"Tangi lako lipo palepale, shemeji," alisema Tiaon, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumjibu kaka yake. "Hakuna aliyeligusa."

Mbali, juu ya bahari, wingu lilikuwa limejikusanya, jeusi chini. Upepo ukageuza majani. Burentau alisimama katikati ya uwanja wake, peke yake, akiinua uso. Tone la kwanza lililia juu ya bati la buluu, likafuatwa na la pili, halafu yote yakaja pamoja, yakakimbia kwenye gata, yakashuka kwenye bomba kwa mvumo mzito, na alijua kila tone lilikuwa la nani.